CD za Mama Kwenye Shamba la Ulezi

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana jirani yangu anasema kila nikisimulia habari hii naurukia ubaya wa mwenzangu kama kuku aliyeona mchwa, na ujinga wangu naupitia kando. Ujinga wenyewe ni huu. Nilichukua CD zote za nyumbani kwetu, zenye sauti ya mama yangu akiimba na kwaya yake, nikapitisha kamba ya katani kwenye yale matundu ya katikati, nikazitundika kwenye shamba la ulezi zifukuze ndege.

Na zilifukuza. Hilo nataka lieleweke. Chiriku walikuwa wakifika mpakani wanaona jua limevunjikavunjika hewani, wanageuza kwenda kula kwa watu wengine. Msimu ule nilitembea kifua mbele kama bwana shamba.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kibondo ina wanaume wanaokwenda: wanakwenda Nduta kutafuta vibarua kambini kwa wakimbizi, wanakwenda Kasulu sokoni, wanakwenda Kigoma wanarudi na habari. Mimi nabaki. Mke wangu ndiye anayepeleka maharage gulioni, na akiulizwa mumewe yuko wapi hujibu, "Nimemwacha analinda nyumba isitoroke." Wenzake wanacheka. Na mimi nikiwepo nacheka, maana nyumba kweli haijawahi kutoroka.

Elimu yangu ni kidato cha nne, niliyoipata Kasulu. Masomo mengi nimeyasahau. Nilichorudi nacho ni rafiki. Tulikaa dawati moja, tukala sahani moja, na likizo zikifika, kwa kuwa kwao kulikuwa mbali na nauli haikuwepo, alikuja kwetu Kibondo. Mama yangu alimlisha na kumfulia mashati pamoja na ya kwangu. Alimwita "mwanangu wa Kasulu." Mimi niliyekuwa mwanawe wa Kibondo nilipewa kazi ya kuteka maji.

Tulipomaliza shule mimi nilirudi kukaa nyumbani, yeye akafungua kibanda karibu na stendi ya Kasulu. Anapiga picha za pasipoti, anatoa kopi, na zaidi ya yote anaweka nyimbo. Mtu anakuja na simu yake au flashi yake, anataja anachotaka, za injili, za Kongo, za vijana wa Dar, anawekewa, anaondoka. Madereva wa bodaboda wote wanamjua. Ni mcheshi, ana mdomo, na ukikaa naye saa nzima utaamini kwamba muziki aliuvumbua yeye.

Sasa habari ya CD. Mama aliimba katika kwaya ya akina mama kule Murungu, wanawake watupu. Baadhi walivuka kutoka Burundi wakiwa wasichana wadogo, wengine walizaliwa hapa hapa, wote leo ni Watanzania, lakini wakiimba, Kiha na Kirundi vinaingiliana usijue kimoja kimeishia wapi. Kiswahili walikiweka kwa siku za wageni. Mpiga picha mmoja wa harusi alikuwa akija na mashine zake kuwarekodi, anachoma CD, anaandika juu kwa kalamu nene, anawauzia wenyewe. Kisha akahama, na mashine akahama nazo. Hatujui alikoelekea. Zilizobaki ni zile CD, na kwetu zilikaa kwenye boksi la sabuni chini ya kitanda cha mama.

Nilipata kompyuta. Mfanyakazi mmoja wa shirika kule Nduta, mkataba wake ulipoisha, aliuza vitu vyake kabla ya kuondoka, mimi nikachukua ile kompyuta yake ya kukunja ambayo hata haikukunjika vizuri. Nilikuwa na wazo kubwa: nyimbo zote za mama ziingie humo, zipangwe, kila moja ipewe jina lake. Tatizo ni kwamba ile droo yake ya kuingizia CD ilikuwa imekufa. Ukibonyeza, inakohoa, haifunguki.

Basi nikapanda gari kwenda Kasulu na boksi la sabuni mapajani. Mke wangu alisema mbingu zingenyesha mawe siku hiyo, kwa kuwa mimi nimesafiri. Rafiki yangu akazihamisha CD zote kwenye flashi, moja baada ya nyingine, hakunidai kitu, akaninunulia na chipsi mayai. Nilirudi nimeshiba, nikachomeka flashi kwenye kompyuta, nikakuta nyimbo zote zinaitwa Traki 01, Traki 02, Traki 03, na CD ya pili nayo inaanza upya na Traki 01 yake. Mama zetu wote wamekuwa traki.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ninayoweza kusema bila aibu kwamba niliipenda kuliko kazi nyingine yoyote maishani. Mama alikuwa akikaa kwenye mkeka barazani anapukuchua maharage, mimi kwenye kigoda na kompyuta magotini. Napiga wimbo, namuuliza, anajibu, naandika.

"Huyu anayejibu pembeni ni nani?"

"Huyo? Huyo alikuwa na sauti ya mbuzi."

"Sasa mbona mlimweka?"

"Mazoezi tulifanyia kwake. Benchi zilikuwa zake. Tungemfukuzaje mwenye benchi?"

Nikaandika: Wimbo wa mavuno, mwenye benchi anajibu.

Mwingine ulikuwa na kilio cha mtoto katikati. Mama akasimamisha maharage. "Huyo ni wewe," akasema. Nikamwambia haiwezekani, wakati ule nilishakuwa na ndevu. Akasikiliza tena. "Basi ni mwingine. Lakini hata wewe ulikuwa unalia hivyo hivyo, bila sababu." Nikaandika: Mtoto analia, si mimi.

Niligundua kwamba kompyuta ina upendeleo wake. Niliweka namba mbele ya kila wimbo, na nilipofika kumi, ikaichukua kumi ikaiweka mbele ya mbili, kama mtu anayeruka foleni hospitali kwa sababu anamjua nesi. Nilihangaika siku nzima kabla ya kubaini kwamba inataka sifuri mbele: 01, 02, hata 09. Nikazirudia zote. Mama akauliza nafanya nini. Nikamwambia naweka sifuri. Akamwambia mke wangu, "Mumeo leo amefanya kazi kutwa nzima, ameongeza sifuri."

Wimbo mmoja ndio ulikuwa wake hasa. Katika huo, wenzake wanaanza, wanashuka, kisha wananyamaza wote, na mama anabaki peke yake juu, anapanda polepole kama mtu anayepanda mlima na mtungi kichwani. Siku ya kurekodi mvua ilikuwa inanyesha, na bati la kanisa linasikika mwanzo hadi mwisho.

"Andika na mvua," mama akasema.

"Mvua nayo ilikuwa kwenye kwaya?"

"Ilitushinda sote. Andika."

Nikaandika: 07, Mama na wenzake, Murungu, mvua inapiga bati. Halafu nilimpiga picha kwa simu, amesimama mlangoni na kitenge chake cha kijani, nikaiweka iwe sura ya nyimbo zote, ili ukifungua wowote unamwona. Aliitazama kwenye kioo. "Mbona nimekunja uso?" Nikamwambia ndio uso wenyewe, mama.

Kazi ilipokwisha nilizirudisha nyimbo kwenye ile flashi, nikarudi Kasulu kumwonyesha rafiki yangu. Ndiyo, safari ya pili, mbingu zilishazoea. Akazisikiliza kibandani pale, watu wanasubiri kopi, yeye hawaoni. Ulipofika ule wimbo wa mvua akainamisha kichwa, na mama alipobaki peke yake nikamwona anafuta jicho kwa kiganja. "Mama anaimba, jamani," akasema. Yale machozi yalikuwa ya kweli. Laiti yangekuwa ya uongo ningelala vizuri zaidi.

Akaniambia, "Niachie na mimi nikutunzie. Kompyuta ya mtumba haiagi. Siku ikifa utanikumbuka."

Ni maneno ya busara, na mwenye busara ni ndugu. Nikamwachia ile flashi na vyote vilivyomo, nyimbo, majina niliyoyaandika, na picha ya mama.

Basi mimi nikawa na hesabu safi kichwani: nyimbo ziko kwangu, ziko kwa rafiki. CD za nini tena? Mke wangu naye alikuwa akiligonga boksi kila akifagia, na ulezi ulikuwa umeanza kuchanua, na ndege ndio hao. Nikatafuta kamba.

Mama alikuja shambani akasimama akizitazama zinavyozunguka kwenye upepo. "Kumbe ndiyo kazi mliyonipangia uzeeni," akasema. "Kufukuza ndege." Lakini alikuwa anacheka. Jirani yangu hakucheka. Huyu ni mama mwenye duka lililo ukuta kwa ukuta na kwangu, Mwislamu, watu wao asili ni Tanga ingawa yeye amezaliwa Ujiji, na Kiswahili chake kimenyooka hivi kwamba ukizungumza naye unajisikia umevaa shati nje ndani.

"Jirani," akaniuliza, "hizo sahani zina kitu ndani?"

"Zilikuwa nacho. Nimekihamisha."

"Kwa hiyo mtu akihama nyumba, ile ya zamani anaichoma moto?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa upole kabisa, kama mwalimu, kwamba siku hizi nyimbo si lazima zikae kwenye kitu, zinaweza kukaa kwenye folda. Akanisikiliza mpaka mwisho, akarudi dukani kwake kupima sukari.

Mama alifariki kabla ya mvua zilizofuata. Sitaeleza hapa, si mahali pake. Nitasema tu kwamba rafiki yangu alikuja msibani, alibeba jeneza upande wa kulia mbele, na mimi upande wa kushoto mbele, na kwamba siku ile kama ungeniuliza nina ndugu wangapi ningemhesabu.

Mvua zilipokuja zikaja na radi za huku kwetu, ambazo hazipigi hodi. Moja ilipita kwenye waya wa umeme ikaingia kwenye kompyuta. Nilikuwa nimeiacha inachaji. Ikatoa harufu, na huo ukawa mwisho wake, haikuaga, kama nilivyoambiwa. Watu walinipa pole, nikawajibu hakuna neno, kila kitu kiko Kasulu. Nilijisifu hata. Nilimwambia jirani, "Unaona faida ya kuwa na mtu?"

Ikafika siku ya kuganduka. Hii ni desturi ambayo wazazi wetu walivuka nayo: msiba ukikaribia mwaka, ukoo unakutana, unakula na kunywa, marehemu anasemwa vizuri, halafu msiba unavuliwa. Kuanzia hapo mnaruhusiwa kuoa, kucheza ngoma, kuvaa rangi. Asiyeganduka bado yuko na maiti wake. Wadogo zangu walileta mbuzi, mihogo, mawese, pombe ya ndizi. Mimi, mkubwa wao, nililetea ukoo ahadi: kwamba siku hiyo mama ataimba.

Ahadi hiyo aliyeishika kuliko wote ni mama mdogo, yaani mdogo wake mama, aliyeimba naye kwaya ile ile. Alikuja kutoka Murungu na kitambaa chake cheusi kichwani. Hajui simu, hana redio, hakuwa amemsikia dada yake tangu tulipomzika. Alinishika mkono mlangoni. "Mwanangu, mimi sikuja kula. Nataka nimsikie mara moja tu, halafu nitamwachia aende."

Rafiki yangu alifika asubuhi na gari la kwanza, amevaa suti, flashi mfukoni. "Kila kitu kimo," akanipa. "Tena nimekipanga zaidi yako." Nilimshukuru. Nilimkalisha mbele na wazee. Sikuijaribu ile flashi. Mtu anapokurudishia mtoto wako uliyemwachia, humfungui mdomo kuhesabu meno.

Baada ya maombi na hotuba, nikachomeka flashi kwenye sabufa ya kukodi. Kwenye kidirisha chake yakaanza kupita maandishi mekundu, nami sikuyasoma, nilikuwa natafuta 07. Nikaipata. Mvua ikaanza kupiga bati. Watu wakatulia, hata watoto. Wanawake wa Murungu wakaingia, wakapanda, wakashuka. Mama mdogo akafumba macho. Najua ule wimbo: hapa wananyamaza. Wakanyamaza. Mama akabaki peke yake, akaanza kupanda.

Ndipo sauti ya mwanamume ikaingia juu yake.

"Unasikiliza mzigo halisi kutoka stendi ya Kasulu. Njoo uwekewe. Usikubali feki."

Ilikuwa na mwangwi, kama inatoka kisimani. Mama alikuwa bado anaimba chini yake, unamsikia kama mtu anayeita kutoka chumba kingine. Ilipoisha akasikika kidogo, kisha ikarudi tena. "Usikubali feki." Mara ya tatu ikaja pale pale kwenye kilele, pale ambapo mama huwa anashika pumzi.

Mama mdogo akafumbua macho, akaitazama ile sabufa, akanitazama mimi.

"Huyu mwanamume ametoka wapi?" akauliza. "Sisi tulikuwa wanawake watupu."

Watu wakaanza kucheka, na sikuwalaumu, hata mimi ningekuwa mgeni ningecheka. Binamu yangu mmoja aliyekaa nyuma akatoa simu yake. "Mbona huu ninao siku nyingi? Niliwekewa Kasulu. Kila mwenye bodaboda anao." Akanionyesha. Mahali pa uso wa mama alikuwepo rafiki yangu, amevaa miwani ya jua, amekunja mikono kifuani. Na jina la wimbo likawa: 07 Mzigo wa Kasulu Moto. Nyimbo zote ni hivyo. Mwenye benchi hayupo, mtoto anayelia hayupo, mvua haipo, Murungu haipo. Yote aliyoniambia mama pale kwenye mkeka, ambayo sikuyaandika mahali pengine popote, yamefutwa. Kitu pekee alichokiacha katika kazi yangu ni ile sifuri.

Nilimkuta nyuma ya nyumba karibu na mafiga, ana sahani ya nyama.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Lipi?"

"Hilo unalotangaza juu ya mama."

Akatafuna kwanza. "Aa, ile? Ile ni ya kulinda kazi, ndugu yangu. Wezi wengi mjini. Ukiiacha hivi hivi wanaichukua, wanaweka majina yao."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Nafikiri hata leo hajui alichosema.

"Na picha yake?"

"Mama alikuwa amekunja uso. Mteja anataka mtu anayecheka."

"Wewe mwenyewe pale hucheki."

"Mimi nimevaa miwani."

Nikamwambia anirudishie zile za mwanzo, zisizo na sauti yake, zenye majina yangu. Hapo kwa mara ya kwanza akaacha kutafuna. Akasema alizifuta. Zilikuwa zinajaza nafasi, na kuwa nazo mara mbili kulikuwa kunamchanganya. Kisha akaniwekea mkono begani, mkono wa mafuta. "Usinikasirikie. Bila mimi mama angesikika hapa Kibondo tu, kwenye baraza lako. Sasa hivi mpaka Kigoma wanamsikia. Mimi nimemtoa mama. Wewe ulimfungia."

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimpiga. Mke wangu anasema nikisimulia kwa watu wasiotujua niseme nilimpiga. Ukweli ni kwamba nilimwambia, "Mkono wako una mafuta," nikaenda kuosha shati. Kilichonishinda si hasira. Kilichonishinda ni kwamba hakuonekana mtu mbaya. Alikuwa yule yule wa dawati moja, yule aliyebeba jeneza upande wa kulia, na alikuwa amemuuza mama yangu stendi akimlilia.

Jioni wazee wakamaliza shughuli. Ndugu zangu wakavua vitambaa vyeusi. Mama mdogo alipofikiwa akashika chake kwa mikono miwili.

"Mimi bado," akasema. "Nitaganduka siku nikimsikia dada yangu bila yule mwanamume."

Wakamsihi. Mzee mmoja akamwambia desturi haimsubiri mtu, akamjibu basi desturi itangulie, yeye atakuja. Akarudi Murungu na kitambaa chake kichwani. Mpaka naandika hivi anacho, anakwenda nacho kisimani, anakwenda nacho kanisani, na watu wakimuuliza amefiwa na nani tena, anawaambia wamuulize mwanawe wa Kibondo.

Kesho yake niliingia shambani. Ulezi ulikuwa umeshavunwa, lakini kamba zilikuwepo bado kati ya miti ya mpakani, na CD zinaning'inia kama nguo ambazo mtu amesahau kuzianua. Jua la misimu miwili lilikuwa limezila. Nyingine zilikuwa zimebambuka ule utando wa fedha, unaona mashamba ya Murungu kupitia katikati yake. Nyingine zilikuwa na mavi ya ndege, ambayo nayo yalinipa ujumbe kuhusu nani anamwogopa nani. Na maandishi ya ile kalamu nene ya mpiga picha yalikuwa yamefutika yote, CD nyeupe pe. Mimi niliyeupa kila wimbo jina lake na sifuri yake, nilisimama na rundo la CD mkononi nisijue ipi ni ipi.

Nikazifuta kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikazipeleka kwa jirani, kwa sababu yeye ndiye mtu wa mwisho mtaani mwenye deki. Iko juu ya friji ya soda, imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Aliondoa kitambaa, akapuliza vumbi, akanisogezea kigoda, akaendelea kuuza.

Niliweka ya kwanza. Deki ikazunguka, ikatafakari, ikakataa. Ya pili ikakataa. Kuna iliyotoa kelele ya kusaga mahindi. Wateja waliingia, wakanunua chumvi, wakanisalimu kwa Kiha, "Mwakeye," nikaitikia bila kugeuka. Nilifika mahali nikawa naziingiza kwa kuzimaliza tu.

Kisha ikasikika mvua.

Jirani aliacha kupima mchele. Dukani hakukuwa na mvua, jua lilikuwa linawaka mlangoni. Ilikuwa inatoka kwenye deki, inapiga bati, na nyuma yake wanawake wa Murungu wakaingia. Wakapanda. Wakashuka. Nilishika simu yangu karibu na spika nirekodi. Wakanyamaza wote, nikasikia mama anavuta pumzi, na akaanza, sauti yake peke yake, safi, hakuna mwanamume juu yake. Alipanda hatua chache hivi. Halafu deki ikakwama. Ikawa inarudia kile kipande kimoja, kifupi, tena na tena, mama anaweka mguu mlimani na kuuondoa. Jirani akainyamazisha yeye mwenyewe. Nilijaribu tena, nikaifuta tena, nikaipaka dawa ya meno kama nilivyowahi kuambiwa, ikakwama pale pale.

Simu ikaita. Alikuwa yeye, wa Kasulu, sauti ile ile ya furaha. Alisikia kwa mke wangu kwamba nazijaribu CD.

"Inakwama? Usihangaike. Mimi nina mashine ya kung'arisha CD, inaondoa mikwaruzo yote. Mpe kondakta wa gari la mchana, jioni iko kwangu, kesho nakurudishia."

"Bila sauti yako?"

"Jamani. Mara ngapi nitasamehewa? Bila sauti yangu. Yule si mama yangu pia?"

Nilikata simu. Nilikaa na ile CD mapajani. Nilimfikiria mama mdogo na kitambaa chake. Nilifikiri kwamba hapa Kibondo sijui mtu mwingine mwenye mashine hiyo, na kwamba Kigoma ni mbali kwa mtu kama mimi, na kwamba alikuwa amesema kwa sauti ya mtu anayejuta, au angalau ya mtu aliyeshiba. Nikamwomba jirani kipande cha gazeti. Akanipa. Nikaanza kuifunga CD, taratibu, pembe kwa pembe, nikamwomba na kalamu ili niandike juu yake jina na namba ya kibanda cha stendi, isije ikapotea njiani.

Jirani alinipa kalamu. Kisha akaegemea kaunta, akanitazama ninavyoandika, herufi nzuri za mtu aliyesoma sekondari.

"Jirani, mimi nitakwambia kwa sababu wengine wanakuonea haya," akasema. "Rafiki yako ni mwizi, lakini mwizi kuna siku anachoka. Wewe unamfungia mzigo."